Kidole Chekundu cha Mpima

Kidole gumba cha mkono wa kulia wa marehemu kilikuwa chekundu, na daktari wa chumba cha maiti alikuwa ameandika kwamba ni damu. Lakini damu ikikauka hugeuka kahawia. Kidole hiki kilikuwa kimelala siku mbili na bado kilikuwa chekundu kama ua lililochumwa asubuhi.

Mpelelezi wa kike alikiinamia muda mrefu. Kituoni wenzake walimwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba, hana maneno mengi, na akichoma upande mmoja hutokea upande wa pili.

"Ameanguka toka juu ya tangi la mafuta," daktari alisema huku akivuta shuka. "Kalewa mvuke wa mafuta, kateleza, basi. Unatafuta nini tena, Afande?"

"Sijui bado."

"Usipojua unachotafuta, hata ukikiona utakipita."

"Nimeshakiona," alisema Sindano. "Nisichojua ni jina lake."

Jina alilipata kwa mjane wa marehemu. Ilikuwa asubuhi, jua limepanda, majirani wanafua na kupiga soga, lakini mlango wa mjane ulikuwa umefungwa komeo na nyuma yake kumesukumwa kabati. Sindano alisikia miguu ya kabati ikikwaruza sakafu kabla mlango haujafunguka kiasi cha uso.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, dada."

"Lile gari la kwenye kona si lako?"

Sindano aligeuka. Gari jeusi lilikuwa limesimama, vioo vimepandishwa, injini inanguruma polepole. Alipopiga hatua kulielekea, liliondoka taratibu, kama mtu asiye na haraka kwa kuwa anajua atarudi.

"Tangu jana," mjane alisema alipomwingiza ndani. "Halizimi injini. Watoto nimewapeleka kwa mama yangu. Mimi nimebaki kwa sababu msiba hauhami."

Sindano alimweleza habari ya kidole. Mjane hakulia. Alikwenda kwenye mfuko wa kazi wa mumewe, ambao bohari ilimrudishia, akatoa utepe mrefu wa chuma uliokunjwa kwenye mpini, wenye timazi la shaba mwishoni, kisha akatoa mrija mnene mfano wa dawa ya meno.

"Hiyo siyo damu, ni hii hapa. Kazi yake tangu zamani ilikuwa kupima matangi, ingawa bohari hii ndiyo kwanza aingie. Anapanda juu, anafungua kifuniko, anashusha utepe mpaka chini, anajua kuna mafuta kiasi gani. Na hii dawa anaupaka utepe. Rangi yake ya haradali. Ikigusa mafuta, haibadiliki. Ikigusa maji, inakuwa nyekundu hapo hapo. Nimefua nguo zake miaka yote, shemeji zangu wanajua. Doa hili sabuni hailitoi."

"Kwa hiyo alikuta maji."

"Maji kidogo huwa yapo chini ya kila tangi. Upana wa kidole. Hayo hayamshtui mtu." Alitega sikio barabarani. "Lakini siku moja kabla hajafa alirudi hapa hakula. Akasema, 'Mke wangu, kesho napima tena tangi la nne. Kama nimekosea, watanicheka. Kama sijakosea, Mungu anifiche.'"

"Alimwambia nani mwingine?"

"Meneja wake. Wakagombana." Akausukuma mfuko mikononi mwa Sindano. "Chukua vyote. Sitaki kuviona humu. Na usiseme nimekupa mimi."

Alipotoka, kabati lilikwaruza tena nyuma ya mlango.

Sindano alikuwa na asubuhi hiyo moja tu. Kampuni kubwa ya mafuta na gesi ilikuwa inainunua kampuni ndogo yenye bohari ile aliyofia mpima, na mchana wanahisa wa kampuni kubwa wangekutana ukumbini kupiga kura. Wakisema ndiyo, bohari ingepata mmiliki mpya siku hiyo hiyo. Matangi yangefunguliwa, yangemwagwa na kusuguliwa, na ushahidi wowote uliokuwa ndani ungeteremka na mfereji. Mpima angezikwa kama mtu aliyeteleza.

Habari za kununuliwa huko alizijua kupitia kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa mwanahisa. Mumewe alikuwa ameitumikia kampuni kubwa mpaka mgongo ukapinda, akafa akamwachia hisa badala ya nyumba. Gawio lililotoka kila mwaka ndilo lililomlisha. Na Shangazi alikuwa na sikio moja lililochoka, kwa hiyo simu yake ilikaa kwenye spika siku zote. Ukimpigia yeye, umeupigia mtaa mzima. Kisha hakatwi. Ukikata kabla hajamaliza, utapigiwa mpaka ujute kuzaliwa.

"Nimeshafika ukumbini, nimekaa mbele kabisa," Shangazi alipiga kelele kwenye simu, Sindano akiwa njiani. "Nipige kura gani, mwanangu? Walipomnunua yule wa kwanza walisema tutakula kuku. Walipomnunua wa pili wakasema kuku yuko njiani. Sasa huyu wa tatu, na mimi hata yai sijaliona! Kampuni inanenepa, mimi nakonda. Hesabu gani hiyo?"

Nyuma yake wazee wengine walicheka.

"Subiri kidogo, Shangazi. Nitakuambia."

"Usinisahau. Wakianza kuhesabu mikono siwezi kuwaambia wasubiri polisi."

Bohari ilikuwa nje kidogo ya mji, uwanja mkubwa wa changarawe na matangi sita meupe, kila moja refu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Getini alikaa mlinzi mzee mwenye rundo la funguo kiunoni, waliyemwita Kufuli. Alimfungulia Sindano, akatazama huku na huku, kisha akamtolea kisanduku cha mbao.

"Simu ndani, Afande. Cheche moja tu, tutazikwa kwa kijiko."

Sindano alitia simu. "Wewe ndiye uliyemkuta?"

"Mimi. Asubuhi ile Meneja alinituma dukani kununua betri za tochi. Nikamwambia betri zipo, akasema nenda. Nikaenda. Niliporudi, kijana wa watu yuko chini ya tangi la nne, kalala kama nguo iliyoanguka kwenye kamba."

"Juu ulipanda?"

"Nilipanda, nilidhani labda kuna mwenzake. Hakukuwa na mtu."

"Kifuniko cha tangi kilikuwaje?"

Kufuli alikunja uso. "Kimefungwa. Na komeo lake limekazwa."

Mtu aliyelewa mvuke akaanguka hawezi kugeuka angani akafunga kifuniko nyuma yake. Kulikuwa na mtu wa pili juu kule.

"Hilo ulimwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza. Na mimi nina wajukuu, Afande." Alishusha sauti. "Ukipanda kule, nisikilize mzee wako. Usishuke wa kwanza. Ile ngazi imesimama wima. Aliye juu ndiye mwenye vidole vya aliye chini."

Meneja wa bohari, ambaye ndiye pia mwenye kampuni ndogo, alikuwa ofisini kwake, feni inazunguka, lakini shati limemganda mgongoni. Aliikalia kalamu yake bila kujua, kisha akaanza kuitafuta.

"Mligombana na marehemu siku moja kabla hajafa," alisema Sindano.

"Nani kakuambia?"

"Hebu niambie wewe mligombania nini."

"Alitaka nyongeza ya mshahara."

"Alikuwa na muda gani kazini?"

"Ni… alikuwa mgeni. Mpima wetu wa zamani alikwenda likizo."

"Mgeni, hajapata mshahara wa kwanza, kashadai nyongeza?"

Meneja alijipangusa shingo. Simu ya mezani ikalia, naye akairukia kama mtu aliyetupiwa kamba majini. "Ndiyo, shemeji… Yuko hapa mbele yangu… Sawa, shemeji. Sawa." Akaweka simu, akasimama. "Samahani, Afande. Nawahi mkutanoni. Mambo ya bohari tutaongea kesho."

"Kesho bohari haitakuwa yako."

"Ndiyo maana," alisema Meneja, na akatoka akiiacha kalamu kitini, akapanda gari jeusi lililokuwa linanguruma nje.

Sindano alibaki na uhakika wote. Huyu ndiye muuzaji. Huyu ndiye aliyemwondoa mlinzi getini. Kama tangi lina maji badala ya mafuta, huyu ndiye aliyekuwa anawauzia wenzake maji kwa bei ya dizeli. Kilichobaki ni kulipima, na kwa taratibu alihitaji shahidi, na shahidi mzuri ni yule ambaye angeibiwa: mtu wa upande wa mnunuzi.

Bahati ikawa kama imemsikia. Mhasibu Mkuu wa kampuni kubwa alikuwa pale pale uwanjani, mikono nyuma, anatembea kati ya matangi kama bwana harusi anayekagua nyumba ya kuhamia. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, ananukia sabuni nzuri. Sindano alipomweleza haja yake, alikubali kabla hajamaliza sentensi.

"Twende! Hata mimi nataka kuiona mali kabla wenzangu hawajainyooshea mikono. Masikini yule mpima. Sikuwahi kumwona hata siku moja, lakini nilipoambiwa nilishindwa kula."

Walivuka changarawe. Sindano akamuuliza, ili tu kimya kisimkabe, hawa wanahisa wanafaidika vipi kampuni yao ikinunua nyingine.

"Ah, jambo jepesi. Sisi hatumlipi muuzaji fedha mkononi. Tunamtolea hisa mpya, naye anakuwa mwanahisa kama wengine. Sasa, faida ya mwaka ni sufuria, hisa ni sahani. Tumeongeza sahani, sawa? Lakini na yeye anakuja na chakula chake. Kama analeta kingi kuliko sahani alizochukua, kila sahani inajaa zaidi ya mwanzo."

"Na kama sufuria yake ni tupu?"

Mhasibu alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Basi sufuria ni ile ile na walaji wameongezeka. Lakini ndiyo kazi yangu hiyo, dada. Hakuna kampuni tuliyonunua ambayo sikuikagua mwenyewe. Zote tatu."

Chini ya tangi la nne palikuwa pamemwagiwa mchanga mpya. Sindano hakutaka kuukanyaga. Aligonga bati la tangi kwa kifundo cha kidole. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili halikuvuma. Lilikuwa limejaa. Swali lilikuwa limejaa nini.

Kufuli alikuja mbio akihema, ameshika simu inayolia. "Afande, shangazi yako! Nimemwambia uko kazini, ananitukana."

"Simu haziruhusiwi hapa," alisema Sindano.

"Mpokelee tu," alisema Mhasibu kwa ukarimu. "Shangazi ni shangazi. Mimi mwenyewe ninayo yangu, wakubwa hatukaguliwi."

Sindano akapokea. Shangazi alikuwa analalamikia viti, feni, na mzee wa pembeni aliyevua viatu. "Naam, Shangazi… Naam…" Mhasibu alikuwa amenyoosha mkono kumwonyesha ngazi, anangoja, anatabasamu. Sindano akaitia simu kwenye mfuko wa shati, Shangazi bado anaendelea, akautundika mfuko wa mpima begani na kuanza kupanda.

Ngazi ilikuwa ya chuma chembamba, inatetemeka kwa kila hatua ya wawili. Katikati alifanya kosa la kutazama chini. Aliona utosi wa Mhasibu, na chini yake mchanga mpya, mdogo kama leso. Juu kulikuwa na upepo, uwanda wa bati wenye mteremko mdogo, na ukingo wa bomba uliofika kiunoni. Harufu ya dizeli ilimjaa kooni.

"Pole pole," alisema Mhasibu nyuma yake, karibu kuliko alivyotarajia. "Hapa hakuna pa kushika."

Sindano alisimama akiupa upepo mgongo, akafungua komeo na kuinua kifuniko. Chini kulikuwa na giza linalong'aa. Aliukunjua utepe wa mpima, na badala ya kupaka dawa mwishoni tu, akapaka tone hapa, akaacha pengo, tone tena, mpaka juu. Matone ya rangi ya haradali kama vifungo vya shati refu. Kisha akaliachia timazi. Lilishuka, likashuka, likagonga chini kwa sauti ya mbali.

Simu ya Mhasibu iliita. Alijitenga hatua chache, akageukia upande wa geti.

Sindano akaanza kuvuta utepe. Tone la kwanza kutoka juu lilitoka na rangi yake ya haradali. Dizeli.

La pili lilikuwa jekundu.

La tatu jekundu. La nne. La tano. Aliendelea kuvuta, na yote yalikuwa mekundu mpaka chini. Tangi zima lilikuwa maji, na juu yake ukoko mwembamba wa dizeli wa kudanganyia pua. Hii ndiyo sufuria waliyokuwa wanaletewa kina Shangazi.

"Niambie, shemeji," Mhasibu alikuwa anasema kwenye simu, taratibu, kwa mazoea. "Hapana, shemeji, usiwe na wasiwasi. Niko naye huku juu."

Shemeji.

Upepo ulivuma, naye Sindano akausikia ukipita ndani ya mifupa. Ofisini Meneja alimwita mtu wa simuni shemeji, na shemeji huitikia kwa jina lile lile. Dada wa mmoja ni mke wa mwingine. Mmoja anauza maji, na mwingine, aliyekabidhiwa macho ya wanahisa wote, ndiye anayesema ni mafuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Na yeye, kwa akili zake timamu, ndiye aliyemwomba apande naye.

Mhasibu alikuwa anaaga simu. Sindano hakufikiri. Mkono wa kulia uliukamata utepe, gumba likabanwa juu yake, akaupangusa kwa nguvu kutoka juu mpaka kwenye timazi, wekundu wote ukahamia kiganjani. Alipotazama kidole chake gumba, ndipo alipoelewa. Mpima alikuwa amesimama hapa hapa. Alisikia mtu anakuja nyuma yake, akaufuta utepe, kama yeye sasa hivi.

Alikunja ngumi, akauficha mkono nyuma ya paja.

"Enhe?" Mhasibu alikuja akitabasamu. "Kuna maji?"

"Hakuna." "Upana wa kidole tu. Kawaida."

"Nilikuambia mimi." Akafunga kifuniko kwa mguu, akainama, akakaza komeo vizuri. Halafu akasimama kati ya Sindano na ngazi, akanyoosha mkono wake wa kulia, mnene, msafi. "Basi hongera kwa kazi. Njoo nikushike, utangulie kushuka."

Mkono ulibaki hewani. Sindano alitazama vidole vile. Hakuwa na njia ya kuukataa. Akatoa mkono wa kushoto.

Mhasibu aliutazama. Tabasamu halikuondoka usoni, ila macho yaliacha kushiriki. Akaushika, akaubana kwa nguvu.

"Ajabu kweli," alisema polepole. "Hata yule mpima alinipa wa kushoto."

Akamsukuma hatua moja nyuma. Ukingo wa bomba ulimgusa Sindano mgongoni, wa baridi, na chini yake hakukuwa na kitu ila hewa na ule mchanga.

"Mpima gani?" ilisema sauti ya mwanamke mzee, kali, kutoka kifuani kwake. "Wewe mtoto, huyo si Mhasibu Mkuu anayeongea? Si alitusimulia jana kwenye kikao cha utangulizi kwamba hakuwahi kumwona yule marehemu? Jamani, nyamazeni! Hebu msikilizeni, yuko kwenye spika."

Nyuma ya sauti yake ukumbi mzima ulinyamaza. Kimya cha watu wengi kikafika mpaka juu ya tangi.

Mhasibu aliutazama mfuko wa shati la Sindano. Mkono wake bado ulikuwa umemkamata, na kwa muda Sindano hakujua kama kilichokuwa kinapimwa ndani ya kichwa kile ni hofu au umbali mpaka chini.

"Shangazi," alisema Sindano kwa sauti kubwa, macho hayatoki usoni kwa mtu yule. "Niko juu ya tangi la nne na Mhasibu Mkuu. Tuko wawili tu. Mlinzi yuko chini anatuona. Tangi lina maji mpaka karibu na juu."

"Tumesikia," alisema Shangazi. Na mzee mmoja pembeni yake akasema, "Tumesikia." Na mwingine, na mwingine, kama watu wanaoitika dua.

Vidole vya Mhasibu viliachia kimoja kimoja.

"Tangulia wewe," Sindano alimwambia.

Mtu mnene yule alisita kwenye ngazi, akautazama mguu wa Sindano uliosimama kwenye kichwa cha ngazi, karibu kabisa na mahali ambapo lazima angeshika. Kisha akaanza kushuka, hatua baada ya hatua, akiinua macho kila mara, na chini Kufuli alikuwa ameshalifunga geti na anangoja na rundo lake la funguo mkononi.

"Mwanangu," sauti ya mfukoni iliita, sasa kwa upole. "Wanataka tunyooshe mikono. Basi nipige kura gani?"

Kwanza Sindano alihakikisha Mhasibu ameshafika chini. Alikaa chini juu ya kifuniko, akaukumbatia ukingo wa bomba kwa mikono yote miwili, na alipopata pumzi ya kusema "Hapana, Shangazi," chuma cheupe kilikuwa na alama ya kiganja chekundu, na pembeni yake, imefifia kwa siku mbili za jua, alama ya kidole gumba kingine.